Komoro ina kila kitu, sasa watalii wako wapi?

Wadau, hebu tuulizane. Ukimsimamisha kijana yeyote pale Kariakoo ukamwambia akutajie majirani zetu, ataanza na Kenya, Uganda, Rwanda, atakwenda mpaka Zambia kwa sababu ya malori. Komoro hataitaja. Akiitaja, basi ni kwa ajili ya mpira. Si mnakumbuka AFCON iliyochezwa Cameroon Januari 2022? Vijana wale waliifunga Ghana 3-2 wakaitoa mashindanoni. Halafu wakakutana na wenyeji Cameroon huku makipa wao wote watatu hawawezi kucheza, wakamweka beki Chaker Alhadhur golini, wakapata kadi nyekundu dakika za mwanzo kabisa, na bado wakafungwa 2-1 tu. Dunia nzima ikauliza, hawa jamaa wametokea wapi?

Wametokea hapo hapo jirani. Ndege kutoka Dar inakaa hewani saa moja na kitu, ni kama unakwenda Mwanza. Lakini leo sizungumzii mpira, nazungumzia utalii. Maana Komoro kuna swali ambalo kila mwaka linaulizwa na kila mwaka halijibiwi: nchi ina volkano, misitu, kasa, miji ya mawe, karafuu, vanila, na chakula ambacho ukikila unasema huyu mpishi katoka kwetu pwani, lakini wageni hawaji. Zanzibar, ambayo ni kama ndugu yake, ilipokea wageni 736,755 mwaka 2024 kwa hesabu za serikali yenyewe. Komoro kabla ya Korona walikuwa wanahesabu makumi ya maelfu tu, na wengi wa hao si watalii kwa maana tunayoijua. Nitawafikia hao baadaye, maana ndio utamu wa habari yenyewe.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Komoro ni visiwa vitatu: Ngazija, Nzwani na Mwali. Kuna cha nne, Maore, ambacho Wafaransa wanakiita Mayotte. Kilibaki kwao pale wenzake walipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, na Komoro mpaka leo inasema ni chake. Eneo la visiwa vitatu vyote halifiki kilomita za mraba 2,000, na sensa ya 2017 ilihesabu watu 758,316. Udogo huo una raha yake, unaweza kuzunguka Ngazija kwa gari siku moja ukala chakula cha mchana njiani.

Katikati ya Ngazija umekaa mlima Karthala, mita 2,361, volkano hai kabisa. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, watu wakakimbia vijiji, na majivu yakaingia kwenye visima vya maji ya mvua. Hilo la visima msilipite haraka. Ngazija haina mito ya kudumu, jiwe lake la volkano lina matundu na maji yote yanazama chini, kwa hiyo nyumba nyingi zinakinga mvua kwenye birika kubwa. Nzwani ndiko kwenye mito, nayo mingi imekauka kwa sababu misitu ya milimani imekatwa. Huko Nzwani na Mwali peke yake, duniani kote, ndiko anakoishi popo mkubwa mweusi anayeitwa popo wa Livingstone. Akifungua mabawa yanakaribia mita moja na nusu, na waliobaki ni kama elfu moja na kidogo. Halafu kuna yule samaki, silikanti, ambaye wanasayansi waliamini amekufa zamani za kale mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938. Wa pili alipatikana Nzwani Desemba 1952, na wavuvi wa pale wakashangaa kelele zote za nini, maana wao walikuwa wanamjua siku zote, wanamwita gombessa, na walikuwa hawamthamini hata kidogo kwa kula. (Watu wa Tanga nao wanamjua, najua mtanikumbusha.)

Mimi nilifika mara moja, siku kumi, nikiwa mbeba mizigo wa shangazi yangu ambaye anauza khanga na vyombo vya plastiki Moroni. Sikwenda kama mtalii wala mwandishi. Lakini macho nilikuwa nayo. Msikiti wa zamani wa Ijumaa pale bandarini, mweupe wenye matao, umejengwa karne ya 15, na nyuma yake vichochoro vya Badjanani ambavyo mtu wa Mji Mkongwe angejiona yuko kwao. Akina mama wamepaka msindzano usoni, ndiyo ile ile liwa yetu, sandali iliyosagwa kwenye jiwe. Lugha unaisikia kama redio ambayo stesheni haijakaa sawa: nusu unaelewa, nusu inakupita. Siku ya kwanza nilimpisha mzee mmoja njiani akaniambia "marahaba". Nikaganda, maana sikuwa nimemwamkia! Kumbe kwao marahaba ni asante. Nikawa napewa marahaba mji mzima bila kutoa shikamoo hata moja.

Na chakula, wadau. Mataba ni kisamvu kilichopondwa kikapikwa kwa tui mpaka kinang'aa. Mkatra futra ni mkate wa tui na ufuta, unaula wa moto asubuhi na chai. Pilau ipo, shelisheli la kuchoma lipo, na kuna pilipili yao ya kusaga, putu, ambayo mjue mapema kwamba haina utani. Vitabu vya kuongozea wageni vinapenda kutaja kamba mkubwa aliyepikwa kwa vanila. Sawa, yupo, lakini ni chakula cha hoteli. Mitaani jioni utakachokuta kwenye majiko ni mabawa, yaani mabawa ya kuku, yanachomwa na ndizi. Yenyewe matamu. Ila kuku huyo hakufugwa Komoro, amekuja kwenye kontena kutoka nje akiwa barafu. Nchi ina bahari pande zote na kitoweo cha bei nafuu kinatoka ng'ambo. Mgeni aliyekuja kula "chakula cha asili" ataondoka ameacha fedha yake kwa mfugaji wa nchi ya mbali.

Sasa kwa nini wageni hawaji? Jibu la haraka ambalo kila mtu analo ni siasa. Kweli, tangu uhuru mapinduzi na majaribio ya mapinduzi yamezidi 20. Mfaransa Bob Denard na mamluki wake waliigeuza nchi kama shamba lao, 1978 wakampindua rais, 1989 rais mwingine akauawa na wao wakiwemo ikulu, 1995 akarudi tena. Machi 2008 hata wanajeshi wetu wa Tanzania walikwenda Nzwani na jeshi la Umoja wa Afrika kumtoa Mohamed Bacar aliyekataa kuondoka madarakani. Na Januari 2024, baada ya Azali Assoumani kutangazwa mshindi tena, Moroni kulikuwa na vurugu, mtu akafa, ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku. Mtalii akisoma hayo kwenye mtandao wa ubalozi wake anafunga ukurasa.

Lakini mi nasema siasa ni nusu tu ya jibu. Nchi ngapi zina siasa za hovyo na watalii wamejaa? Nusu nyingine ni kwamba Komoro walishawahi kuwa na utalii mkubwa, na walijifunza somo ambalo si lenyewe.

Kaskazini ya Ngazija, karibu na Mitsamiouli, mwishoni mwa miaka ya 1980 Waafrika Kusini walijenga hoteli kubwa, Galawa Beach. Ulikuwa wakati wa vikwazo, utawala wa makaburu hauna marafiki, na Komoro ya kina Denard ikawafungulia mlango. Ndege zilitoka Johannesburg zimejaa wazungu wa kuzamia majini na kuota jua. Watu mamia wakapata kazi. Pwani hiyo ndiyo ambako tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaanguka baharini, watu 125 kati ya 175 wakafa, na wageni wa hoteli pamoja na wavuvi ndio waliokimbilia kuokoa. Nadhani wengi mmeiona ile video.

Galawa ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadaye ikabomolewa. Wageni wote walikuwa wanategemea hoteli moja, kampuni moja na njia moja ya ndege. Hoteli ilipokufa, utalii wa nchi nzima ukafa siku hiyo hiyo. Kwa akili ya kawaida ungetegemea wenyewe waseme, jamani, safari nyingine tusiweke mayai yote kwenye kapu moja. Wapi! Tangu hapo zaidi ya mara moja imetangazwa kwamba Galawa itafufuliwa. Desemba 2019 serikali ilikwenda Paris na mpango wake wa kuifanya Komoro nchi inayoinukia ifikapo 2030, na utalii ukawa moja ya nguzo. Mpango una maneno mazuri. Ila kila ukisikia "utalii" kwenye hotuba, picha inayotajwa ni ile ile, hoteli kubwa ufukweni na mwekezaji mwenye mkoba.

Wakati huo huo watalii halisi wapo, wanashuka kila Julai na Agosti, na hakuna anayewaita watalii. Wanawaita "je viens", Kifaransa hicho, maana yake "nakuja". Ni Wakomoro wa Ufaransa, wengi wa Marseille. Hata ile timu iliyoifunga Ghana wengi wao ni watoto wa huko. Wanakuja na masanduku, wanakodi magari, wanajaza ndege mpaka nauli zinapanda. Fedha zinazotumwa nyumbani na Wakomoro wa nje ni takriban moja ya tano ya uchumi wa nchi. Niambieni ni hoteli gani itafikia hapo.

Na wanakuja kwa jambo moja kubwa: anda, ndiyo ndoa kubwa. Kule Ngazija mwanaume anaweza kuwa ameoa, ana watoto, ana digrii, lakini kama hajafanya anda ya kijijini kwake basi kwenye baraza la mji yeye bado ni mtoto. Akishafanya anakuwa mdru mdzima, mtu mzima, anavaa joho, anakaa mbele, anasikilizwa. Sherehe zinachukua siku nyingi, ng'ombe wanachinjwa, dhahabu inatolewa hadharani, twarabu inapigwa mpaka alfajiri. Mtu anaweza kuweka akiba miaka 20 Ufaransa kwa ajili ya mwezi mmoja huu. Kama unatafuta utamaduni ulio hai, usiochezwa kwa ajili ya kamera ya mgeni, ni huo. Wapo Wakomoro wenyewe wanaoupiga vita kwamba unakula fedha za shule na hospitali. Ni ugomvi wao wa ndani, na una hoja pande zote mbili.

Lakini tazameni mnyororo huu. Kule Ngazija nyumba ni ya mwanamke, familia yake inamjengea. Kila mwenye kipato cha Ufaransa anataka nyumba ya ghorofa ya zege kwa binti yake. Zege linataka mchanga, na kwenye kisiwa cha volkano mchanga uko wapi? Ufukweni. Kwa miaka mingi mchanga umezolewa pwani, kwa magari na kwa ndoo kichwani, pamoja na kwamba ni marufuku. Fukwe nyingine zimebaki mawe matupu na bahari inakula barabara. Yaani fedha ya mtalii wa kweli, yule je viens, ndiyo inayobeba ufukwe aliotengewa mtalii wa hotuba! Ukiongeza takataka ambazo Moroni zinamwagwa pwani mbele ya macho ya kila mtu, unaelewa kwamba hata mwekezaji mwenye mkoba akija kesho atauliza, huo ufukwe wenyewe uko wapi?

Na milimani hivyo hivyo. Komoro ni miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani wa mafuta ya ilangilangi, yale yanayoingia kwenye manukato ya Paris. Kuyakamua lazima uchemshe maua kwa saa nyingi, na Nzwani moto huo ni wa kuni. Kuni zinatoka msitu ule ule wa yule popo, na msitu ndio unaoshika maji ya mito. Simlaumu mkulima, mwenye maua mkononi na watoto nyumbani atafanya nini?

Mfano wa njia nyingine upo, tena ndani ya nchi, kwenye kisiwa kidogo kuliko vyote. Mwali ndiko kulikoanzishwa hifadhi ya kwanza ya taifa, hifadhi ya bahari, mwaka 2001, na 2020 kisiwa kikaingia kwenye orodha ya UNESCO ya hifadhi za viumbe hai. Kijiji cha Itsamia kina fukwe ambazo kasa wa kijani wanapanda kutaga mwaka mzima, majike maelfu. Zamani waliliwa. Wanakijiji wakaunda chama, wakaanza kulinda doria usiku, na mgeni anayetaka kuona kasa anapelekwa na mtu wa kijiji na fedha inabaki kijijini. Nzwani nako kuna shirika la wenyeji, Dahari, linalokaa na wakulima wenye mashamba ambayo popo wanalala, wakubaliane miti isikatwe. Hapo hakuna hoteli ya vyumba 200. Majangili bado wanakuja Mwali kwa boti kuchinja kasa, na chama cha kijiji hakina meli ya doria, kwa hiyo msidhani nawapigia debe kwamba ni peponi. Ninachosema ni kwamba huko mwenyeji ana sababu ya kulinda anachokiuza.

Tatizo la Mwali ni kufika. Tarehe 26 Februari 2022 ndege ndogo iliyotoka Moroni kwenda Fomboni ilianguka baharini na watu 14. Iliyoanguka ilikuwa imesajiliwa hapa Tanzania, na marubani walikuwa Watanzania. Boti nazo ni bahati nasibu. Nchi ambayo haiwezi kumvusha raia wake salama kutoka kisiwa hadi kisiwa itamvusha vipi mgeni? Kama ningeulizwa fedha za Paris zianzie wapi, ningesema meli mbili nzuri za abiria kabla ya kitanda kimoja cha hoteli.

Mnasema, kijana, hizi habari za popo na kasa zinatuhusu nini? Zinahusu hivi. Kati ya Nzwani na Maore ni kilomita 70 hivi. Tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza ya Ufaransa kwenda kisiwa ambacho babu yake alikwenda kuuza ndizi. Vijana wa rika letu wanapanda kwassa-kwassa, boti ndogo za uvuvi, usiku, wamejazana. Maelfu wamekufa kwenye mkondo ule. Wengine wanakwenda kujifungua, wengine hospitali, wengi kazi. Na Desemba 2024 kimbunga Chido kilipoivunja Maore, waliopigwa zaidi walikuwa hao hao kwenye vibanda vya mabati. Kijana wa Itsamia anayelipwa kumwonyesha mgeni kasa hana haraka ya kupanda ile boti. Kijana wa Mutsamudu ambaye mji wake wa mawe unaporomoka wakati anasubiri hoteli ya mwekezaji, huyo anayo.

Na sisi je? Maana tunapenda kukaa pembeni kama watazamaji. Wangazija wamekaa Zanzibar na Dar vizazi na vizazi, masheikh wakubwa wa pwani wametoka kwao. Leo wanakuja Kariakoo kufunga mizigo, wanaleta wagonjwa kutibiwa Muhimbili, nyumba za wageni za Ilala zinawajua. Sisi tunawauzia mchele, saruji, mbuzi na khanga. Kwenda kwao kutembea, hapana, kwani tutaonaje fahari ya kupiga picha Moroni wakati kuna Dubai? Nauli nayo inauma, nakubali, kwa umbali ule ni aibu, na mashirika ya ndege hayatashusha kama wanaopanda ni wagonjwa na wafanyabiashara ambao lazima wasafiri. Lakini tukumbuke mtalii wa Ulaya anahitaji mkalimani, nyama iliyoandikwa kwa Kiingereza na dereva wa kumwelekeza. Mtu wa Tanga au Pemba akifika Mutsamudu, kinachomsumbua ni hiyo marahaba tu.

Kwa anayefikiria kwenda: viza kwa kawaida hutolewa uwanjani unapofika, ulizia kabla. Beba euro taslimu, maana kadi ya benki nje ya hoteli kubwa ni pambo. Julai na Agosti utaona anda lakini utalipa nauli ya je viens, na vyumba hakuna. Dada zangu, mtandio mwepesi ndani ya begi, vijijini utakusaidia. Mwali tengeni siku za ziada za kurudi, bahari ikichafuka hakuna anayeondoka. Na ile putu muionje kwa ncha ya kijiko.